Mwenye Samaki Hali Mezani

Kibirizi nzima iliwajua dagaa wa Melania, lakini tamaa yake hakuna aliyeijua isipokuwa binti yake. Ilikuwa tamaa ya aibu kidogo kwa mwanamke wa miaka hamsini na tatu. Alitaka kukaa kwenye kiti kwa Marcel, aletewe sahani, ale.

Kwa Marcel palikuwa nyumba ndogo ya zamani kwenye mteremko wa kushukia ziwani: ukuta mweupe, maua ya waridi kwenye makopo ya maziwa ya unga, meza sita zenye vitambaa vya miraba, na kibao cha buluu kilichoandikwa Chez Marcel. Wavuvi, ambao hawakuwa na muda wa kujifunza Kifaransa, walipaita Shemaseli. Mwenyewe alivuka kutoka Bujumbura mwaka tisini na tano kwa boti, baada ya kupika miaka kumi na minane katika hoteli ya huko, na mizigo yake ilikuwa kikaango cha chuma chenye uzito wa mtoto mchanga na saa ya ukutani. Saa hiyo hakuigusa mishale. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, na saa ya Marcel iliendelea kuwa nyuma, ikining'inia juu ya mlango wa jikoni. Ukimwambia imekosea, alijibu kwamba haijakosea, iko ugenini tu.

Wateja wake walikuwa watu wa mashirika ya wakimbizi, wale wenye magari meupe na redio za mkononi zinazokoroma mezani katikati ya supu. Melania aliwapelekea samaki kwa miaka miwili na nusu, kuhe na migebuka, kila Jumanne na Ijumaa, kwa mlango wa nyuma. Kila mara aliondoka na harufu ya siagi puani na kinyongo moyoni. Samaki wake waliingia ndani, wakavishwa limau na majani, wakaonwa na Wazungu, na yeye aliyewajua tangu wakiwa na magamba aliishia uani na beseni tupu.

Ndipo ikaja barua ya Elinipa.

Elinipa alikuwa mhandisi wa maji, Mpare wa Same aliyehamishiwa Kigoma, na alikuwa amemposa Yunisi, binti pekee wa Melania, muuguzi katika kambi ya wakimbizi upande wa Kasulu. Posa ilikuwa imepokelewa lakini haijajibiwa. Melania alimpenda kijana huyu tangu siku moja ya Machi, mvua iliposhuka ghafla Kibirizi dagaa wakiwa wametandazwa mchangani. Elinipa alikuja mbio na viatu vyake vya ofisini, akapiga magoti, akazoa dagaa kwa mikono miwili mpaka shati likanuka wiki nzima. Mwanamume wa namna hiyo, Melania alisema, hata akiwa kipofu ningempa.

Basi barua ilisema hivi, kwa mwandiko wa kihandisi uliosimama wima: anaomba kuwakaribisha Baba, Mama na Shangazi chakula cha mchana kwa Marcel, Jumapili, saa saba. Aliiandika bila kumuuliza mshenga wake. Kwao Upareni, alidhani, na kwingine kote duniani, kumlisha mkwe ni heshima.

Leonardi, mume wa Melania, aliisoma mara mbili akavua miwani. Alikuwa mstaafu wa reli. Miaka thelathini alilinda mabehewa ya mafuta pale stesheni, na hata leo hakuweza kuona njiti ya kiberiti bila kutafuta ndoo ya mchanga kwa macho.

"Ametuua," alisema.

Kwa maana kwa akina Leonardi, watu wa Kalinzi, mkwe haoni kinywa cha mama mkwe kikitafuna. Hata kama mama ana njaa ya siku tatu, akisikia hatua za mkwe wake tonge linarudi kwenye sahani. Na shangazi wa binti naye huhesabiwa mama, kwa hiyo kinywa chake pia ni siri ya serikali.

Shangazi mwenyewe aliitwa Regina, dada mkubwa wa Leonardi, mjane, mkulima wa kahawa, mtu aliyejua mila zote pamoja na zile ambazo bado hazijatungwa. Alishuka kutoka Kalinzi siku ya Jumamosi kwa pikapu ya mizigo, akasomewa barua, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyeokota pochi.

"Mambo ni mepesi," alisema. "Mkikataa chakula cha mkwe, mmemkataa mkwe. Mkila mbele yake, mmejivua nguo, na binti haolewi katika nyumba ya watu walio uchi. Vyovyote vile, Pastory bado yupo."

Pastory alikuwa jirani yake, mwenye miche elfu mbili ya kahawa na hotuba juu ya kila mche.

"Wifi," Melania alisema, "Yunisi hamtaki Pastory."

"Pastory hahami. Huyo mwingine siku yoyote serikali ikimwamuru ahame, huyo kaondoka!"

Usiku huo Melania hakupata usingizi mzuri. Yunisi, alipokuwa anapanda gari la kurudi kambini, alikuwa amemshika mkono na kumwambia, "Mama, nina miaka ishirini na tisa. Usiwaache wakaniharibia." Maneno hayo yalimkaa kifuani.

Mficha uchi hazai. Asubuhi Melania aliruka misa ya kwanza, akabeba beseni, akaenda moja kwa moja kwa Marcel, akamweleza yote. Marcel alisikiliza akipiga mayai. Hakuhitaji kufafanuliwa sana. Kwao Burundi mama mkwe naye ana mambo yake.

"Ego," alisema mwishoni, ndiyo ya kwao. "Nimeelewa. Huyo wifi yako, anapenda mila?"

"Anazipenda kuliko watu."

"Basi tutampa mila," Marcel alisema, akaendelea kupiga mayai.

Saa saba kamili, na saa ya ukutani ikisema saa sita, walifika. Melania alitangulia na beseni la kuhe watatu wakubwa, kwa sababu biashara haina Jumapili. Elinipa alikuwa amevaa tai. Alisimama mlangoni akaamkia, "Shikamoo baba, shikamoo mama, shikamoo shangazi," na Melania akaitikia marahaba akitazama waridi. Regina aliitikia akiutazama ukuta. Kijana alidhani labda tai imekaa upande, akairekebisha.

Walipoanza kukaa, Marcel akatokea jikoni, pazia la vitenge likiwa bado linayumba nyuma yake. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likaogopesha. Akainama, akapokea beseni la Melania kwa mikono miwili, kisha akajinyoosha na kutangaza kwa sauti ya padri:

"Mwiriwe, wageni wetu. Kabla hamjakaa, naomba radhi. Nyumba hii inafuata mila ya Kifaransa. Kwa Wafaransa, mwenye samaki hali mezani. Hula jikoni, karibu na moto, kuwaheshimu samaki wake. Akikaa mezani, samaki wanakuwa wachungu."

Elinipa, ambaye alisoma vitabu vingi, alifungua mdomo kisha akaufunga. Leonardi alitikisa kichwa kwa busara, kama mtu aliyewahi kusikia jambo hilo kwenye reli. Regina alikunja uso, akaigeuza mila hiyo huku na huko akitafuta ufa. Lakini mila haipingwi kwa hoja. Kuipinga unahitaji mila nyingine, na Regina hakuwa na ya Kifaransa.

"Kama ndivyo walivyo," alisema hatimaye, "nani awapinge."

Melania aliingia jikoni akiwa ameuma ulimi ili asicheke.

Jikoni palikuwa padogo na safi. Marcel alimwekea meza ya kukatia nyanya, juu yake kitambaa cha miraba, uma, kisu, glasi, na ua moja la waridi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Alimvutia kiti. Hakuna mtu aliyewahi kumvutia Melania kiti. Alikaa taratibu, akaweka mikono mapajani, na kwa muda akasahau kabisa kwamba alikuja kuokoa ndoa.

Kwanza ilikuja supu ya vitunguu, imefunikwa kipande cha mkate chenye jibini lililoyeyuka. Melania aliichungulia kwa mashaka, kwani nyumbani vitunguu ni mwanzo wa chakula na siyo chakula chenyewe. Alipoionja alifumba macho. Kisha kuhe. Ngozi ilikuwa imekauka ikawa ya dhahabu, nyama nyeupe ikiachia mfupa yenyewe, na siagi ile, siagi ya miaka miwili na nusu, ikitiririka na limau mpaka ukingoni mwa sahani. Pembeni viazi vyembamba vilivyookwa kwa maziwa. Alikula polepole, kwa hasira yote ya Jumanne na Ijumaa.

Huko mezani mambo yalikuwa mengine. Kupitia nafasi ya pazia Melania alimwona wifi yake ameketi kuelekea ukutani, khanga imefika puani, sahani yake imejaa haijaguswa. Regina hakuwa na mila ya Kifaransa ya kumwokoa. Samaki hawakuwa wake. Alikuwa amefunga tangu jana kwa ajili ya komunyo, na supu ilikuwa inapiga mvuke karibu na sikio lake. Mgongo wake ulikuwa imara. Lakini kila Leonardi alipovuta supu kwa kishindo, bega la kushoto la Regina liliruka.

Walipoletewa kuhe, aliinuka.

"Naenda kunawa mikono," aliuambia ukuta.

Maji ya kunawa yalikuwa uani, na njia ya uani ilipita jikoni. Melania aliposikia kandambili zake hakupata pa kujificha. Alikuwa ameshika kichwa cha kuhe kwa mikono miwili, na siagi ilikuwa imefika kiwikoni.

"Wifi! Unakula?"

"Naonja."

"Tangu lini kuonja kukafika mpaka kwenye macho ya samaki?"

Melania akakiweka kichwa cha samaki chini. Alikuwa ameuza samaki miaka ishirini, na mteja mwenye njaa anamjua hata akijifanya anauliza njia. Alisogeza tu ile sahani ya viazi sentimita kumi kuelekea upande wa Regina.

Regina alitazama viazi. Alitazama pazia. Alitazama ukuta wa juu ya mlango, ambao saa ilining'inia upande wake wa pili, kana kwamba itamshauri.

"Mimi si wifi wa mwenye samaki?" aliuliza.

"Ndiwe."

"Basi na mimi huenda nahusika."

Marcel alikuwa tayari ameleta kiti cha pili.

Wanawake wale wawili hawakuwahi kukaa meza moja kwa amani tangu harusi ya Melania, na sasa walikaa magoti yakigusana. Regina alikula kama anayelipiza kisasi. Katikati ya kuhe wa pili akaacha kutafuna, akamtazama Melania, na macho yake yakawa na maji.

"Atampeleka Same," alisema. "Nilimbeba mgongoni yule mtoto. Ataondoka na sitamwona tena, ndiyo maana, wifi. Siyo kahawa ya Pastory. Pastory mwenyewe ananichosha."

"Na mimi naogopa hivyo hivyo," Melania alisema. Ilikuwa kweli, na hakuwa amemwambia mtu.

Upande wa pili wa pazia Leonardi alikuwa amemaliza glasi ya pili ya mvinyo na ameona ni wakati wa kunong'ona. Lakini watu wa reli hawajui kunong'ona. Wamezoea kushindana na injini.

"Kijana, umekosea! Kwetu, mama mkwe na shangazi hawali mbele ya mkwe. Umewaalika kwenye mtego!"

Jikoni, vijiko viwili vilisimama hewani. Kisha ikaja sauti ya Elinipa, ndogo, imenyauka:

"Baba, sikujua. Naapa sikujua. Yunisi aliniambia tu kwamba mama ameleta samaki hapa miaka yote hajawahi kuwaonja. Nikasema, siku nikipata ruhusa ya kuwa mtoto wake, jambo la kwanza ale samaki wake. Sasa nimemharibia. Nifanye nini?"

"Maliza viazi," alisema Leonardi.

Melania aliinamia sahani. Machozi yalimdondoka, akasingizia vitunguu, ingawa supu ilikwisha zamani. Regina aliendelea kutafuna, ila sasa taratibu, akifikiri.

Na mambo yangeishia hapo kwa heshima, kama Marcel asingekuwa na majivuno ya upishi. Chakula cha mwisho kilikuwa chapati nyembamba kama leso, zilizokunjwa kwenye sharubati ya machungwa, na desturi yake ilikuwa kuzipeleka mezani na kikaango chake cha chuma, kuzimwagia pombe kali, na kuwasha kiberiti mbele ya wageni. Wazungu hupiga makofi. Melania alijua hivyo, na alijua pia Leonardi ni mtu wa namna gani, lakini alipoyaunganisha mambo hayo mawili kichwani Marcel alikuwa amekwishatoka.

Kiberiti kililia. Mwanga wa buluu ukaruka nyuma ya pazia.

"MOTO!" alinguruma Leonardi, na miaka thelathini ya mabehewa ya mafuta ikainuka pamoja naye. Jagi zima la maji likaondoka mezani. Ulisikika mlio wa chuma cha moto kikimwagiwa maji, mvuke, kiti kikianguka, na Marcel akikohoa kwa Kirundi.

"Nimeuzima!" Leonardi alisema kwa fahari. "Tulieni, nimeuzima!"

"Kitambaa, nilete kitambaa," ilisikika sauti ya Elinipa, na hatua zake zikaja mbio kuelekea jikoni.

Hapakuwa na muda. Kinywa cha Melania kilijaa viazi. Regina alikuwa na mkia wa kuhe unaning'inia kati ya midomo, mkono mmoja kwenye mkate, mwingine kwenye sahani ya wifi yake. Miaka yote ya mila za Kalinzi ilikuwa imekaa pale uchi, inang'aa kwa siagi. Melania alimwona Yunisi mbele ya macho yake, jinsi alivyomshika mkono pale kwenye gari, na akajua kwamba sasa ameharibu yeye mwenyewe.

Pazia likatikisika. Hatua zikasimama ghafla. Kisha, polepole, kikaingia kisigino. Kikafuata kisigino cha pili, halafu mgongo mrefu wa Elinipa, kinyumenyume, shingo imekakamaa, uso umeelekea huko alikotoka. Alinyoosha mkono mmoja nyuma, kiganja wazi, akipapasa hewa.

"Marcel," alisema kwa adabu, "naomba kitambaa."

Marcel alikuwa anakohoa mezani, kila mtu anamsikia. Vitambaa vilikuwa kwenye msumari, juu ya kichwa cha Regina. Melania hakuweza kusogea. Alimtazama wifi yake, na wifi yake aliutazama ule mgongo kwa muda mrefu, kuanzia kola mpaka visigino, kama mtu anayepima gunia la kahawa. Kisha akameza mkia mzima bila kuutafuna. Akachukua kitambaa, akakiweka kwenye kile kiganja.

"Ego, bwana," alisema Regina, kwa sauti nzito ya kiume.

"Asante, Marcel. Na ukiwaona mama zangu huko uani, waambie samaki bado wapo tele. Mimi sijawaona."

"Ego," ilinguruma sauti ile.

Mgongo ukaondoka, sasa uso ukitangulia. Pazia likatulia. Melania alijifunika khanga usoni akacheka mpaka akaumwa mbavu, na Regina akampiga begani anyamaze, naye mwenyewe akitetemeka.

Waliporudi, Regina alikaa mahali pake kuelekea ukutani, khanga imepanda puani kama hapo mwanzo. Melania alisimama karibu na mlango wa jikoni, mahali pa mwenye samaki. Marcel alikuwa amefungwa kitambaa shingoni, shati limeshikamana naye. Saa juu ya mlango ilisema saa nane na robo. Regina aliitazama akaridhika, kwa sababu pikapu ya Kalinzi huondoka saa tisa. Melania aliijua saa ile vizuri kuliko yeye, na alinyamaza.

"Dada," Leonardi alisema, "wewe ndiye uliyekuja kumchunguza. Kasoro umeiona?"

"Nimeiona," alisema Regina.

Elinipa aliinamisha kichwa. Melania alishika fremu ya mlango.

"Kijana haoni vizuri. Nimekaa naye mchana wote, nimehakikisha. Ana macho mabovu kabisa." Regina akavuta pumzi. "Lakini mkwe mwenye macho makali wa nini? Mpeni binti. Ila nina masharti mawili. Krismasi zote wanakuja Kalinzi. Na harusi apike huyu mwenye shati bichi, kwa mila yake ya Kifaransa. Mimi na wifi tutakuwa jikoni."

Leonardi akapiga meza kwa furaha, glasi ikapinduka ikamwagia Marcel maji yaliyobaki. Melania alitamani tu Yunisi angekuwepo.

Elinipa alikuwa amegeukia dirishani, anatazama ziwa kama mtu aliyeajiriwa kulilinda. Bila kugeuza shingo, alisogeza kitambaa cha kujifutia juu ya meza, kidogo kidogo, mpaka kikagusa kiwiko cha Regina. Khanga ilikuwa imeshuka, na siagi ilikuwa imemjaa Regina kidevuni.